Uzoefu wangu: Kupanda Zugspitze na familia kwa treni ya meno na kushuka kwa gari la nyaya

Kwa familia inayoishi kusini mwa Ujerumani, au inayopokea mgeni kutoka nyumbani, safari ya siku moja hadi kilele cha Zugspitze ni matumizi ya fedha ninayoyatetea bila kusita, ila kwa sharti moja: mpande kwa treni na mshuke kwa gari la nyaya, wala msifanye kinyume chake. Watu wengi hufanya kinyume, kwa kuwa gari la nyaya ndilo linalotangazwa zaidi na kila mtu hutaka kuanza nalo. Sisi tulikuwa na mzee na mtoto mdogo, na naamini mpangilio huo ndio uliofanya siku yetu iwe ya raha badala ya kuwa ya maumivu ya kichwa.

Tulikwenda mwishoni mwa Machi, watoto wakiwa katika likizo ya Pasaka, tukiwa mimi, mume wangu, binti yetu anayesoma shule ya msingi, mdogo wake ambaye bado yuko chekechea, na mama yangu mzazi aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Marangu. Mama amezaliwa na kukulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na marehemu baba yake alikuwa mpagazi. Theluji ya Kibo ameitazama tangu utotoni, lakini hajawahi kuikanyaga, kwa sababu enzi za ujana wake mlima ule ulikuwa ni kazi ya wanaume na starehe ya wageni wenye fedha, na sasa magoti hayamruhusu tena. Nilitaka aikanyage, na nilitaka wajukuu wake wawepo siku hiyo.

Zugspitze una urefu wa mita 2,962 na ndio mlima mrefu kuliko yote nchini Ujerumani, ukiwa mpakani kabisa na Austria. Mji ulio chini yake ni Garmisch-Partenkirchen, ule ulioandaa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 1936, na kutoka München unafikika kwa treni ya kawaida kwa muda wa saa moja na robo hivi. Kwa safari hiyo ya treni nashauri mnunue ile tiketi ya siku ya jimbo la Bavaria inayoitwa Bayern-Ticket, ambayo kundi la hadi watu watano linaweza kuitumia pamoja, ingawa siku za kazi haianzi kutumika kabla ya saa tatu asubuhi. Itawafikisha Garmisch, lakini haihusu treni na magari ya nyaya ya mlimani, ambayo yana tiketi yake.

Kabla ya kununua tiketi hiyo ya mlimani, tazameni kwanza kamera za kileleni. Kamera hizo zinaonyesha hali halisi ya juu wakati huohuo, na mtu yeyote anaweza kuzifungua kwenye simu bila malipo. Bonde linaweza kuwa na jua safi wakati kilele kimefunikwa na wingu zito, na likitokea hilo mtalipa fedha nyingi kwenda kutazama weupe mtupu. Pia huweza kutokea kinyume chake: asubuhi yetu Garmisch palikuwa na ukungu wa kijivu uliomfanya mume wangu atake tuahirishe, lakini kamera zilionyesha kilele kikiwa juu ya mawingu, na anga ya samawati isiyo na doa. Kama tungeamua kwa kuchungulia dirishani tu, tungerudi nyumbani.

Bei si ndogo, na ni vyema kulisema hilo waziwazi. Tiketi ya mtu mzima huwa ghali zaidi katika msimu wa kiangazi na hupungua kiasi wakati wa baridi. Watoto wa shule hulipa pungufu, na walio chini ya miaka sita hawalipi. Lakini tiketi hiyo moja inahusisha vyombo vyote vitatu vya mlimani, yaani treni ya meno, gari dogo la nyaya linalotoka uwanda wa theluji hadi kileleni, na gari kubwa la nyaya linaloshuka hadi ziwa la Eibsee, na mnaweza kuvitumia kwa mpangilio wowote mnaoutaka. Hapo ndipo uamuzi wa kuanza na treni unapowezekana bila kuongeza hata senti.

Treni inaondoka katika kituo chake chenyewe kilicho jirani kabisa na stesheni kuu ya Garmisch, kwa hiyo mzee hana mwendo mrefu wa kutembea. Njia yote ni ya kilomita 19, ilikamilika mwaka 1930, na inachukua zaidi ya saa moja kidogo hadi mwisho. Hadi kijiji cha Grainau treni inakwenda kama treni nyingine, ikipita kwenye malisho na nyumba za mbao. Kutoka hapo reli ya katikati yenye meno huanza, gurudumu lenye meno lililo chini ya behewa linaikamata, na mtu anasikia mngurumo ukibadilika na mgongo ukiegemea kiti kwa sababu ya mwinuko. Miti ilizidi kuelemewa na theluji kila tulipopanda, kisha ikawa michache, kisha tukaingia katika handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita nne. Humo ndani hakuna cha kutazama, na watoto wanaanza kuuliza kama tumefika, kwa hiyo bebeni kitu cha kuwashughulisha. Sisi tulibeba maandazi na chupa ya chai, na handaki likaisha kabla ya maandazi.

Sababu yangu ya kusisitiza treni ni hewa. Katika kimo cha karibu mita 3,000, shinikizo la hewa limepungua hadi takribani asilimia 70 ya lile la usawa wa bahari, na kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kwa kiasi hichohicho. Gari kubwa la nyaya linampandisha mtu karibu mita 2,000 kwa muda wa takribani dakika 10, na mwili haupati nafasi ya kujua kinachoendelea. Masikio yanaziba, watoto wenye mafua wanalia, na mtu mzima mwenye presha anaweza kusikia kizunguzungu mara mlango unapofunguliwa. Treni inampandisha taratibu, na inamshusha kwenye uwanda wa Zugspitzplatt ulio chini ya kilele, ambako anaweza kukaa saa mbili au tatu kabla ya kumalizia mita mia tatu na kitu zilizobaki. Waongoza watalii wa kwetu Marangu wanaijua kanuni hii kuliko mtu yeyote, na mama ndiye aliyeisema kabla yangu: "Pole pole, mwanangu. Mlima haukimbiliwi."

Zugspitzplatt ni uwanda mpana ulio kwenye kimo cha takribani mita 2,600, umezungukwa na kuta za miamba pande tatu, na ndipo mahali ambapo familia inapaswa kutumia sehemu kubwa ya siku. Tulipotoka kituoni mwanga ulikuwa mkali kiasi cha kutufumbisha macho. Nawasihi wasomaji wenzangu walichukulie hili kwa uzito: theluji inaurudisha mwanga wa jua juu, kwa hiyo macho na ngozi vinapigwa kutoka pande mbili, na weusi wa ngozi hauzuii kuungua. Miwani ya jua ni ya lazima kwa kila mmoja, mtoto na mzee, pamoja na mafuta ya kukinga jua kwenye uso, masikio na chini ya kidevu.

Mama hakusema kitu alipoikanyaga theluji mara ya kwanza. Alisimama, akajaribu kwa mguu mmoja kama anayepima tope, kisha akainama, akavua glovu na kuchota kiganja kizima. Theluji ya mwisho wa Machi si laini kama ile ya Desemba. Jua la mchana na baridi ya usiku vimeiyeyusha na kuigandisha mara nyingi, hivyo imekuwa chengachenga kama chumvi ya mawe, na inatoa sauti ya kusagika chini ya buti. Aliitazama ikigeuka maji kati ya vidole vyake, akaonja kidogo, akasema kwamba baba yake alikuwa akiwasimulia kuwa maji ya Kibo hayana ladha kabisa, na kwamba sasa ameelewa alichokuwa akisema. Wajukuu walitaka kujua habari zote za babu huyo, na ikawa nafasi ya mazungumzo ambayo sijui kama ingepatikana kwenye kochi la nyumbani.

Kwenye uwanda huo watoto wanaweza kukodi vibao vidogo vya kutelezea, na kuna mteremko mfupi uliotengwa mbali na njia za wachezaji wa skii. Watoto wetu walitoka hapo kwa kuvutwa tu. Kuhusu mavazi, mtu asidhani kwamba koti zito linatosha: kinacholowa kwanza ni miguu na mikono, na mtoto mwenye soksi zilizolowa hatakubali kubaki nje hata kwa zawadi. Bebeni soksi na glovu za akiba. Tulikuwa tumekodi buti katika duka moja mjini, na buti la binti yetu lilikuwa na zipu mbovu ambayo mwenye duka alituhakikishia ni nzima; theluji iliingia humo siku nzima, na bila soksi za akiba tungeshuka mapema. Kagueni kila kitu mkiwa bado mbele ya kaunta.

Chakula cha juu kinapatikana, cha moto na cha Kibavaria, lakini kila kilo ya unga na kila lita ya maji hupandishwa mlimani, na bei zinaonyesha hivyo. Anayekula halali aulize vizuri, kwa sababu nyama ya nguruwe imo katika vyakula vingi vya eneo hili, hata katika supu. Sisi tulikunywa supu ya moto kisha tukala chakula chetu tulichobeba tukiwa benchi la nje. Mtoto wetu mdogo alitoa pakiti ya krisps kwenye begi na kukuta imevimba na kukakamaa kama inataka kupasuka. Hewa iliyofungiwa ndani yake kule bondeni ilikuwa imebaki na nguvu ileile wakati ya nje imepungua. Dada yake alimweleza vizuri kuliko ambavyo ningemweleza mimi. Mlinde pia chakula dhidi ya kunguru wadogo weusi wenye mdomo wa njano wanaoishi kwenye miamba hiyo, ambao hawaogopi watu hata kidogo, na ambao walichukua kipande cha andazi mkononi mwa mtoto kabla hajakifikisha mdomoni.

Hatua chache kutoka hapo liko kanisa dogo la Maria Heimsuchung, lililo juu kuliko makanisa yote ya Ujerumani. Liliwekwa wakfu mwaka 1981 na Kardinali Joseph Ratzinger, aliyekuwa wakati huo askofu mkuu wa München na baadaye akawa Papa Benedikto wa 16. Ndani pana ukimya na joto la kutosha, na mama, ambaye ni Mlutheri wa tangu kuzaliwa, alikaa humo kwa muda wake bila kusumbuliwa na mtu.

Baada ya mapumziko hayo tulipanda gari dogo la nyaya hadi kileleni, safari ya dakika chache tu. Juu kuna baraza pana za kutazamia zilizozungushiwa vizuizi imara, lifti kati ya ghorofa, na njia zinazopitika kwa kiti cha magurudumu. Nalisema hili kwa sababu ndilo lililomgusa mama zaidi ya theluji yenyewe. Tuliwakuta huko wazee wenye mikongojo, mwanamume aliyesukumwa na mabinti zake kwenye kiti cha magurudumu, na wanandoa wa makamo ya mama wakinywa chai wamejifunika blanketi. Aliniuliza kama hawa wote wamepanda mlima, nikamjibu kwamba ndiyo, wamepanda kama wewe. Katika siku yenye anga safi inasemekana huonekana vilele 400 katika nchi nne, yaani Ujerumani, Austria, Italia na Uswisi. Hatukuvihesabu, lakini mawingu yaliyokuwa yamelala juu ya mabonde na milima iliyotokeza juu yake hadi upeo wa macho vilitosha kuwanyamazisha hata watoto.

Mpaka wa nchi unapita kileleni hapohapo, na kwa hatua kadhaa familia nzima inahama Bavaria na kuingia Tirol nchini Austria, jambo lililomfurahisha binti yetu kuliko yote. Msalaba wa dhahabu mnaouona kwenye picha uko kwenye ncha ya mashariki, ng'ambo ya baraza. Msalaba wa kwanza ulipandishwa kwenye mlima huu mwaka 1851. Kuufikia kunahitaji kupanda mwamba kwa ngazi ya chuma na waya, na katika theluji ya Machi si mahali pa mtoto wala pa mtu asiye na vifaa. Unaonekana vizuri kabisa kutoka kwenye baraza, na picha inatoka nzuri.

Kwa Mtanzania kuna jambo jingine la kukumbuka akiwa pale. Wakati nchi yetu ilipokuwa koloni, Wajerumani walikihesabu Kibo kuwa kilele cha juu kuliko vyote vya himaya yao. Hans Meyer, aliyekifikia mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikiita kwa jina la Kaisari Wilhelm, ilhali nyumbani Marangu tunamkumbuka Mzee Yohani Kinyala Lauwo kama mwongozaji wa msafara ule. Mume wangu aliwaeleza watoto habari hiyo huku bibi yao akiisahihisha kila mara, na nilifurahi kwamba waliisikia wakiwa wamesimama juu ya mlima, wala si darasani.

Jambo moja lilinihuzunisha. Uwanda ule ulikuwa na barafuto mbili, yaani barafu ya kudumu isiyoyeyuka mwaka mzima, lakini ile ya kusini ilipungua kiasi kwamba mwaka 2022 wanasayansi wa Bavaria waliiondoa katika orodha, na Ujerumani nzima ikabaki na barafuto nne. Theluji ya msimu huificha hali hiyo. Mgeni wa Machi haoni pengo lolote. Mama aliuliza kama hii nayo inaisha kama ya Kibo, ambako zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imetoweka, na jibu ni ndiyo. Wenye watoto wawapeleke wakaione.

Kisha ukafika wakati wa kushuka. Gari kubwa la nyaya lilifunguliwa Desemba 2017 kuchukua nafasi ya lile la mwaka 1963, na ni kazi ya uhandisi inayostahili sifa zote inazopewa. Yako mabehewa mawili tu, kila moja likibeba hadi watu 120, na yameunganishwa na waya unaoyavuta kwa namna kwamba moja linaposhuka jingine linapanda, na yanapishana katikati ya njia. Kila behewa linatembea juu ya nyaya za chuma zenye kipenyo cha milimita 72, unene unaojaza kiganja cha mtu mzima. Katika njia yote kuna nguzo moja peke yake, yenye urefu wa mita 127, na kati ya nguzo hiyo na kituo cha juu nyaya zinaning'inia bila kushikiliwa na chochote kwa mita 3,213.

Kuta za behewa ni vioo kuanzia karibu na sakafu hadi juu. Tulipoachana na kituo, mwamba ulianguka chini yetu ghafla, na kwa muda kidogo hakuna kilichokuwa chini ya miguu ila hewa. Mama alinishika mkono kwa nguvu, kisha akauachia, akasogea kiooni mwenyewe. Tuliingia katika lile tabaka la mawingu, kila kitu kikawa cheupe, na tulipotokeza upande wa pili ziwa la Eibsee lilikuwa chini yetu, bado na barafu kingoni na maji ya kijani katikati. Kwenye nguzo behewa linayumba mara moja na tumbo linapanda kifuani. Mtangulize mtoto kwa kumwambia, naye atalichukua kama mchezo. Mwenye hofu ya kimo asimame katikati, ambako migongo ya wengine humzuia kuona chini. Masikio yaliziba, lakini kumeza mate na kutafuna pipi kuliyafungua, na kwa kuwa tulikuwa tunashuka, kila dakika hewa ilizidi kuwa nzito na pumzi kuwa nyepesi. Wale waliokuwa wakipanda na mtoto anayelia katika behewa tulilopishana nalo, niliwaonea huruma.

Najua kuna watakaoniuliza kuhusu Kilimanjaro, kwa kuwa mwaka 2019 serikali yetu ilizungumzia mpango wa kujenga gari la nyaya kule, na waongozaji na wapagazi wakaupinga. Maoni yangu ni kwamba mfano wa Zugspitze hautoshi kuuhalalisha. Hapa treni imepanda mlimani tangu mwaka 1930 na hakuna maelfu ya familia zinazoishi kwa kubeba mizigo ya wageni. Kule ziko, na yangu ilikuwa mojawapo. Mama, ambaye angefaidika kuliko mtu yeyote, alisema hivyohivyo.

Sitawashauri safari hii wenye matatizo ya moyo au mapafu bila kumwona daktari kwanza, wala wenye watoto wachanga. Wengine waende siku ya katikati ya wiki na mapema, kwa sababu siku za jua na za likizo foleni za kushuka alasiri huwa ndefu, na waulize saa ya gari la mwisho mara tu wanapofika juu. Gari kubwa la nyaya pia husimamishwa kwa matengenezo kwa siku kadhaa, kwa kawaida majira ya kuchipua na tena vuli. Katika siku hizo treni huendelea, na tiketi inawafikisha kileleni, lakini mtakosa mteremko ule wa kwenda Eibsee, na kwa maoni yangu ni bora kusubiri wiki moja au mbili hadi lirudi.